Ubongo ukikosa oksijeni: kemikali za mimea huingilia wapi, na saa ngapi

Ubongo wa mtu mzima una uzito wa kilo 1.4 hivi, kama asilimia 2 ya mwili, lakini hutumia karibu asilimia 20 ya oksijeni yote tunayovuta. Na hauna ghala. Misuli ina akiba yake na ini lina yake, ila ubongo hula kile ambacho damu imeleta sasa hivi. Moyo ukisimama, mtu hupoteza fahamu ndani ya sekunde 10 hivi, na kuanzia dakika ya 4 au ya 5 seli huanza kufa zisiweze kurudi. Katika kiharusi cha mshipa mkubwa ulioziba, hesabu iliyochapishwa mwaka 2006 ilikadiria kuwa mgonjwa asiyetibiwa hupoteza niuroni milioni 1.9 kila dakika.

Weka takwimu hizo kando ya kopo la unga wa manjano au chupa ya mafuta ya habbasoda yenye maandishi "hulinda ubongo". Anayeuza hasemi uongo mtupu. Tafiti za maabara zinazoonyesha kemikali za mimea zikiokoa seli za ubongo zilizonyimwa oksijeni ni nyingi mno. Lakini karibu zote zina jambo moja ambalo tangazo haliligusi: mtafiti alijua saa ambayo oksijeni ingekatika, kwa sababu yeye ndiye aliyeikata. Kwa hiyo kabla ya kuuliza kama mmea fulani unalinda, uliza kemikali yake itakuwa imefika ubongoni saa ngapi, na kwa kiasi gani.

Jahazi linalovuja

Niuroni ni kama jahazi la mbao. Linavuja kidogo kidogo muda wote, na halizami kwa sababu mabaharia wanafua maji usiku na mchana. Mabaharia hao ni pampu ndogo kwenye utando wa seli zinazotoa sodiamu nje na kuingiza potasiamu ndani, na hula sehemu kubwa ya nishati yote ya niuroni. Oksijeni ikikatika nishati huisha kwa dakika chache, pampu zinasimama, sodiamu inaingia pamoja na maji, na seli inavimba.

Kuanzia hapo mambo huharibika kwa mfuatano. Seli iliyopoteza chaji yake humwaga glutameti, kemikali ambayo kwa kawaida niuroni huitumia kwa vipimo vidogo sana kuzungumza na jirani yake. Sasa inamwagika ovyo. Glutameti hiyo inafungua milango ya majirani iitwayo NMDA, na kupitia milango hiyo kalsiamu inafurika. Kalsiamu nyingi ndani ya seli huamsha vimeng'enya vinavyokata protini, mafuta ya utando na DNA. Yaani seli inajitafuna.

Si seli zote zinazofika huko kwa wakati mmoja. Kwa kawaida ubongo hupata takribani mililita 50 za damu kwa kila gramu 100 kwa dakika. Ikishuka chini ya 20, niuroni hunyamaza, lakini ziko hai. Ikishuka chini ya 10 hivi, zinakufa. Kwenye kiharusi, katikati ya eneo lililozibwa huwa kumekwisha, ila pembezoni kuna ukanda ulionyamaza bila kufa, ambao unaweza kubaki hivyo kwa saa kadhaa. Dawa yoyote ya kulinda ubongo, iwe ya kiwandani au ya shambani, inaugombea ukanda huo.

Kisha kuna balaa la pili, ambalo huwashangaza wengi: damu kurudi. Oksijeni ilipokosekana, ndani ya mitokondria, yaani mitambo ya nishati ya seli, kulijazana kiambato kiitwacho saksineti. Hewa ikirudi ghafla, saksineti hiyo inachomwa kwa pupa na mitambo inatema radikali huru, yaani molekuli zenye njaa ya elektroni zinazonyang'anya chochote kilicho karibu. Baada ya hapo, kwa saa na siku zinazofuata, jeshi la kinga linaingia, kuta za mishipa zinalegea, ubongo unavimba. Kwa hiyo kuna hatua ya dakika (chaji na kalsiamu), hatua ya saa (radikali), na hatua ya siku (uvimbe). Kemikali ya mmea inayosaidia hatua moja inaweza isiwe na kazi katika nyingine.

Jambo hili pia linafafanua utata unaokutana nao ukisoma tafiti za HIF, protini inayoiarifu seli kuwa oksijeni imepungua. Uvumbuzi wa jinsi seli zinavyohisi oksijeni uliwapa William Kaelin, Peter Ratcliffe na Gregg Semenza Tuzo ya Nobel ya mwaka 2019. Utaona tafiti moja inasifu mmea kwa kuipandisha HIF, na nyingine inausifu mmea mwingine kwa kuishusha. Zote mbili zinaweza kuwa sahihi, maana HIF inayopanda kabla ya shambulio huiandaa seli, na HIF hiyo hiyo ikipanda mahali pengine kwa saa nyingine huongeza kuvuja kwa mishipa.

"Antioksidanti", neno lililochoka

Maelezo yaliyozoeleka ni kwamba kemikali za mimea hukamata radikali huru. Ndani ya bomba la maabara ni kweli. Ndani ya ubongo, hesabu inakataa. Niuroni ina vitamini C yake yenyewe kwa kiwango cha takribani milimola 10 kwa lita. Polifenoli, kundi kubwa la kemikali za mimea lililomo kwenye vyakula na dawa za asili, nyingi yake baada ya kupita tumboni na kwenye ini huwa chini ya mikromola 1 (sehemu moja ya elfu ya milimola) kwenye damu, na ubongoni hushuka hadi nanomola, ndogo mara elfu tena. Kwa kila molekuli moja ya mmea, kuna molekuli elfu kumi na zaidi za vitamini C ambazo tayari zipo zamu. Mwizi akipita mtaani, ni nani atamkamata kwanza?

Maelezo yenye uzito zaidi ni haya. Nyingi ya kemikali hizi ni silaha ambazo mmea ulizitengeneza dhidi ya wadudu na ukungu. Kwetu ni sumu hafifu. Kurkumini ya manjano, timokwinoni ya habbasoda na sulforafani ya brokoli huigusa protini iitwayo Keap1, ambayo kazi yake ni kumshikilia nyingine iitwayo Nrf2. Keap1 ikiguswa, Nrf2 inaponyoka, inaingia kwenye kiini cha seli na kuwasha jeni za ulinzi: vimeng'enya vya kutengeneza glutathioni (kinga ya seli yenyewe dhidi ya radikali), vya kuondoa sumu, vya kutunza madini ya chuma. Mmea haupigani. Mmea umepiga ngoma, na seli ndiyo iliyotoka na mikuki.

Ngoma hiyo ina sharti lake: kuwasha jeni na kujenga vimeng'enya huchukua saa kadhaa. Ulinzi wa aina hii ukianza baada ya tukio hukosa hatua ya dakika kabisa, na huambulia kipande tu cha hatua ya saa. Na ngoma ikipigwa kwa nguvu kupita kiasi, ile sumu hafifu inakuwa sumu kweli.

Kutoka kikombeni hadi ubongoni

Manjano ni mfano mzuri wa safari hii kuwa ngumu. Unga wake una takribani asilimia 3 ya kurkumini. Ili upate gramu 2 za kurkumini, kipimo kinachotumika sana kwenye majaribio, unahitaji gramu 65 hivi za unga, kama vijiko vikubwa 7 vilivyojaa. Hata ukimeza zote, sehemu kubwa itapita na choo, na kilichobaki kitabadilishwa na utumbo na ini kabla hakijafika mbali. Mwaka 1998 watafiti waliongeza miligramu 20 za piperini, ukali wa pilipili manga, juu ya gramu 2 za kurkumini, na kiasi kilichofika kwenye damu kikaongezeka kwa asilimia 2,000. Ndiyo asili ya ushauri wa "tia na pilipili manga" uliosambaa kila mahali.

Kinachosahaulika ni namna piperini inavyofanya kazi: inavizuia vimeng'enya vinavyoondoa kemikali za kigeni mwilini. Haichagui. Inaweza kupandisha pia dawa ya kifafa kama fenitoini, au propranololi ya presha na moyo, kwenye damu ya mgonjwa huyo huyo. Na kumekuwa na taarifa za watu walioumia ini kwa vidonge vya manjano vilivyotiwa piperini. Manjano ya kwenye pilau hayana kesi hapa. Kesi ni kidonge.

Kuna mtego mwingine ambao ni wa maabara. Kurkumini inang'aa yenyewe chini ya taa za vipimo na kushikamana na protini za kila aina, hivyo kipimo husema "imefanya kazi" hata pale ambapo haijafanya. Wanakemia walilieleza hilo kwa kirefu mwaka 2017. Ukisoma kwamba kemikali fulani iliokoa seli "kwenye kisahani" kwa mikromola 20, linganisha na ile mikromola 1 ya kwenye damu kabla hujafurahi.

Mlimani: saa inajulikana

Kilimanjaro ni mahali ambapo ukosefu wa oksijeni una ratiba. Kwenye kilele cha Uhuru, mita 5,895, shinikizo la hewa ni karibu nusu ya lile la Tanga au Mombasa. Ikiwa kuna mahali mmea ungeweza kutangulia, ni hapa, na mmea uliojaribiwa zaidi ni ginkgo, mti wenye asili ya China.

Dondoo sanifu la majani ya ginkgo lina asilimia 24 ya flavonoidi na asilimia 6 ya viambato vichungu, wakiwemo ginkgolidi. Huhitajika takribani kilo 50 za majani makavu kupata kilo 1 ya dondoo, kwa hiyo kidonge cha miligramu 120 ni sawa na gramu 6 hivi za majani. Jaribio dogo la awali, la watu 26 waliopandishwa haraka mlima Pikes Peak huko Marekani, lilitia moyo. Kisha likaja jaribio kubwa nchini Nepal, lililochapishwa mwaka 2004, likiwa na wapandaji 614. Waliopewa vidonge visivyo na dawa, asilimia 34 walipata ugonjwa wa milimani. Waliopewa ginkgo, asilimia 35. Waliopewa asetazolamidi, dawa ya kawaida ya hospitali, asilimia 12. Waliochanganya zote mbili, asilimia 14.

Kwa nini matokeo yalitofautiana? Sababu moja ni bidhaa: dondoo mbili zenye asilimia 24 na 6 zilezile kwenye lebo zinaweza kutofautiana katika viambato vingine vyote. Ya pili ni idadi, maana kwa watu 26 bahati ina sauti kubwa. Kwa vyovyote, anayepanda Kilimanjaro akitegemea ginkgo anapanda bila kinga.

Kinga halisi ni mwendo. Ushauri wa kitabibu ni kwamba ukishapita mita 3,000, mahali pa kulala pasipande zaidi ya mita 500 kwa siku, na kila baada ya siku 3 au 4 ulale tena palepale. Sasa itazame njia ya Marangu: kibanda cha Mandara kiko mita 2,720, Horombo 3,720, Kibo takribani 4,700. Ni mita elfu moja kila usiku. Safari ya siku 5 haiufuati ushauri huo hata kidogo. Ya siku 6, yenye usiku wa pili Horombo, inaukaribia. Asetazolamidi miligramu 125 asubuhi na jioni, kuanzia siku moja kabla ya kupanda na kwa ushauri wa daktari, husaidia. Mtu anayeyumba kama mlevi au kuchanganyikiwa hateremshwi kesho. Anateremshwa sasa hivi.

Komamanga na mtoto anayezaliwa

Utafiti unaonivutia kuliko yote ni wa komamanga. Mwaka 2005 watafiti wa St. Louis, Marekani, waliwanywesha panya wenye mimba na wanaonyonyesha maji ya komamanga. Vitoto vyao vilipofika siku 7, vilinyimwa damu na oksijeni upande mmoja wa ubongo. Vitoto vya panya waliokunywa komamanga vilipoteza sehemu ya ubongo iliyo ndogo kwa zaidi ya asilimia 60 kuliko wenzao. Miaka miwili baadaye kikundi hicho kilijaribu resveratroli, kemikali ya maganda ya zabibu. Ilipotolewa kabla ya jeraha ililinda. Ilipotolewa saa 3 baadaye haikufanya kitu. Ngoma ilipigwa vita vimekwisha.

Kwa binadamu, jaribio la awali lililochapishwa mwaka 2019 liliwachukua kina mama 77 ambao watoto wao tumboni hawakuwa wakikua vizuri. Wengine walikunywa kila siku mililita 240 hivi za maji ya komamanga, wengine kinywaji kinachofanana kisicho na polifenoli. Vipimo vya picha havikuonyesha tofauti katika majeraha ya ubongo wala ukubwa wake. Vilionyesha tofauti ndogo katika mpangilio wa nyuzi na mawasiliano ya maeneo ya ubongo. Ni dalili ya kufuatiliwa. Bado si dawa. Mjamzito asiye na kisukari akipenda komamanga, ale. Akiwa nacho, akumbuke kuwa kikombe hicho kina sukari karibu sawa na soda.

Lakini katika chumba cha uzazi cha Afrika Mashariki, mitishamba huonekana zaidi upande wa pili wa mizani. Dawa za kienyeji za kuongeza uchungu zinatumika sana. Tumbo la uzazi likikaza, damu inayoenda kwenye kondo la nyuma hubanwa, na mtoto hupata oksijeni katika mapumziko baina ya uchungu mmoja na mwingine. Mikazo zaidi ya 5 ndani ya dakika 10 humaanisha mapumziko hayatoshi. Dawa ya hospitali ya kuongeza uchungu inapimwa kwa matone na inaweza kufungwa. Ya kikombe ikishanywewa haina bomba la kufunga, na hakuna ajuaye kipimo chake. Mama aliyekunywa amwambie mkunga bila kuona haya, na mkunga asimkaripie, maana akikaripiwa yeye, wa kitanda cha pili atanyamaza.

Mtoto akizaliwa bila kulia, kinachoulinda ubongo wake ni dakika ya kwanza: kumkausha, kumsugua mgongo, kusafisha njia ya hewa ikiwa imeziba, na asipopumua, kumpa hewa kwa mfuko na barakoa kabla sekunde 60 hazijaisha, pumzi 40 hivi kwa dakika. Wakunga wa hospitali 8 za Tanzania walipofundishwa hivyo, vifo vya watoto katika saa 24 za kwanza vilipungua kwa asilimia 47, kwa matokeo yaliyochapishwa mwaka 2013. Sijaona mmea unaokaribia hapo.

Kiharusi: saa haijulikani

Mwaka 2006 dunia ya kiharusi ilishangilia dawa ya maabara iitwayo NXY-059, iliyoundwa mahsusi kukamata radikali huru. Mwaka uliofuata jaribio la pili, lenye wagonjwa zaidi ya 3,000, lilionyesha haisaidii. Tangu hapo "inakamata radikali" pekee haitoshi kumshawishi mtaalamu.

Mmea uliofika mbali zaidi ni seleri. Kwenye mbegu zake kuna butilfthalidi, kwa kifupi NBP, ambayo China iliiidhinisha kwa kiharusi mwaka 2002. Inapenda mafuta, kwa hiyo huvuka kizuizi kati ya damu na ubongo, na hugusa hatua kadhaa: mitokondria, mishipa midogo, uvimbe. Katika jaribio lililochapishwa mwaka 2023, wagonjwa 1,216 waliowahi hospitali ndani ya saa 6, ambao wote walipata pia matibabu ya kufungua mshipa, waligawanywa katika makundi mawili. Siku ya 90, asilimia 56.7 ya waliopewa NBP walikuwa katika hali nzuri, dhidi ya asilimia 44 ya wengine. NBP hiyo hutengenezwa kiwandani, hutolewa kwa dripu siku 14, kisha vidonge. Supu ya seleri haiwezi kuiga hilo. Na wagonjwa hao walikuwa China, na wote walipata matibabu ya kufungua mshipa. Mahali ambapo hakuna kipimo cha CT (picha ya ndani ya kichwa) wala dawa ya kuyeyusha donge, hatuwezi kuichukua asilimia hiyo tukaiweka kwetu.

Mmea wenye faida iliyo karibu zaidi na mkono wako haugusi ubongo kabisa. Ni rosela, au choya. Katika jaribio la watu wazima 65 lililochapishwa mwaka 2010, vikombe 3 kwa siku kwa wiki 6, kila kimoja mililita 240 za maji ya moto na gramu 1.25 za rosela kavu, vilishusha namba ya juu ya presha kwa wastani wa 7.2, dhidi ya 1.3 kwa waliokunywa kinywaji kingine. Presha yao haikuwa kali, na si badala ya vidonge vya aliyekwisha kuandikiwa. Ila presha ndiyo chanzo kikuu cha kiharusi, na kikombe hiki hufanya kazi miaka kabla ya saa yenyewe. Kisitiwe sukari vijiko vinne.

Uso ukipinda, mkono ukilegea au maneno yakichanganyika ghafla, andika saa mgonjwa alipoonekana mzima mara ya mwisho, kwa sababu dawa ya kuyeyusha donge hutolewa ndani ya saa 4 na nusu kuanzia hapo. Usimpe aspirini, kitunguu saumu wala ginkgo: kabla ya CT huwezi kujua kama mshipa umeziba au umepasuka, na vyote hivyo hupunguza kuganda kwa damu. Usimnyweshe chochote. Kiharusi mara nyingi hulegeza koo, na dawa ya majani inayomiminwa kinywani huishia kwenye mapafu, ambako hupunguza oksijeni ile ile iliyokuwa haitoshi. Mlaze kwa ubavu kama amelegea, mpeleke, na hata akifika wodini asipewe uji mpaka muuguzi amempima kumeza kwa kijiko cha maji na kuona hakohoi.